Shahidi wa Kipande cha Nne

Tarehe 11 Januari

Mpwa wangu Msumari,

Marahaba! Naitikia mapema, maana najua umeifungua bahasha hii na shikamoo mdomoni. Sisi huku wazima. Mama yako, dada yangu, goti linamsumbua kwenye ngazi lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Jana kanisema kuanzia mlangoni mpaka mezani, nikakosa hata pa kuingiza neno. Mke wangu anakusalimu sana. Paa letu limeacha kuvuja. Nilipanda mwenyewe, mafundi wawili wakasimama chini midomo wazi, mmoja akauliza, "Huyu mzee ana mabawa?"

Sasa kazi. Kifurushi chako kimefika na dereva wa lori la chupa. Glasi sita, kila moja kama kete ya dhumna, zimeviringishwa kwenye soksi, na mikwaruzo pembeni: mmoja, miwili, mpaka sita. Umeniandikia kurasa tatu za maelezo. Ningeelewa kwa nusu ukurasa, lakini nyinyi wasomi karatasi hazijawahi kuwatosha. Nakurudishia kwa maneno yangu ili ujue nimekamata.

Mmechanganya glasi na chembe za madini adimu yanayoitwa erbiamu. Mkiipiga kwa mwali ambao jicho la mtu haliuoni, glasi inatoa mwanga wa kijani. Ila ikitoka tu kwenye kuyeyushwa inawaka kinyonge. Ukiirudisha motoni, moto wa chini ya kuyeyuka, ndani yake zinaota fuwele ndogo mno, na zile chembe zikihamia humo zinawaka vizuri zaidi. Moto ukiwa mdogo, fuwele hazioti. Ukizidi, zinanenepa, glasi inaingia ukungu kama dirisha la jikoni, na mwanga unakufa. Wewe unautafuta ule moto wa katikati. Mwanangu, hiyo kazi ninaifanya mwaka wa ishirini na sita huu. Tofauti ni kwamba chupa zangu haziwaki.

Tanuri lenu limeungua, vipuri vinakuja Mei, na wewe unasimama mbele ya watahini Juni. Nimeelewa. Kwa hiyo kipande cha kwanza digrii 450, cha pili 500, cha tatu 550, cha nne 600, cha tano 650, cha sita 700. Kila kimoja siku yake, saa mbili, halafu kipoe polepole. Msimamizi wa zamu kaniruhusu tanuri dogo la pembeni.

Usihofu kuhusu kipimo. Hapa kiwandani mimi ndiye naitwa Kipimo. Mwaka ule mshale wa tanuri ulipokufa siku tisa, niliendesha kwa jicho. Rangi ya moto naisoma kama wewe unavyosoma gazeti. Akaja mhandisi na mashine yake ya kwenye sanduku, ikasema 547. Nikamwambia ni 545. Akaifungua, akakuta skrubu imelegea. Digrii mbili! Alinipigia saluti akaomba awe ananibebea chai. Miwani ya tanuri tuliyopewa iko kwenye msumari tangu niajiriwe. Natundikia kofia.

Isitoshe nitaweka shahidi. Hii hamjafundishwa huko. Wazee wa tanuri walituachia desturi: pembeni ya trei unasimamisha kipande cha waya wa alumini, urefu wa kidole. Alumini inalala kwenye 660. Ukifungua ukamkuta shahidi amesimama, moto haukufika huko. Ukamkuta amekuwa tone, basi ulifika, hata kipimo kiape vipi. Na kila asubuhi fundi umeme akipita namwita, "Hebu soma mshale, nione kama unajua." Ana cheti, lakini namfanyia mtihani.

Lala usingizi, Msumari. Glasi ziko kwa mwenyewe.

Mjomba wako,
Kipimo

*

Tarehe 2 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti la mama linaendelea vizuri na mke wa mjomba hajambo. Mimi mzima, isipokuwa chumba chetu cha kazi kina baridi na dirisha halifungi. Tunafanya vipimo na makoti.

Nashukuru kwa barua. Niliwasomea wenzangu habari ya mhandisi wa chai, wakacheka mpaka msimamizi wangu akatoka ofisini. Sikumweleza yote.

Naomba jambo moja tu. Andika ulichokiona, si kilichotakiwa kuonekana. Kikifika 612 badala ya 600, andika 612. Hakuna atakayenilaumu kwa 612. Kila kipande ni wiki tatu za kazi, na nimebakiwa na glasi ya kutosha kipande kimoja tu cha ziada. Unga wa kuchanganyia umekwisha.

Na mjomba, mwandiko wako umekuwa mkubwa. Zamani ulikuwa unabana ukurasa mzima kwenye postikadi. Kalamu mpya?

Mpwa wako

*

Tarehe 24 Februari

Msumari,

Marahaba. Huku salama. Dada yangu kanunua kiti kipya, anakaa yeye tu, hata paka kafukuzwa. Mke wangu ameanza kushona mapazia ya watu na sebule yetu imejaa vitambaa. Nilikalia pini, hilo silielezi zaidi.

Mwandiko mkubwa? Mtu mkubwa anaandika herufi kubwa. Wewe endelea na zako za sisimizi.

Vipande vyako hivi hapa, na dereva nimemwambia akivipasua nampasua. Orodha:

Cha kwanza 450. Shahidi amesimama.
Cha pili 500. Amesimama.
Cha tatu 550. Amesimama.
Cha nne 600. Kilikaa 600 saa mbili kamili, hakikutikisika, kama askari mlangoni.
Cha tano 650. Shahidi amesimama.
Cha sita 700. Shahidi kalala, kama ilivyotakiwa. Glasi imetoka nyeupe kama maziwa, nadhani hicho hakitakufaa.

Siku ya cha nne palikuwa kimya. Fundi umeme alikwenda kumzika baba mkwe wake, nikawa peke yangu na moto, tunatazamana. Nakwambia, moto unamjua mtu. Mwaka mmoja tanuri kubwa lilikataa kuwaka mpaka nilipotoka likizo. Waulize.

Ukifaulu, usinisahau kwenye hotuba.

Kipimo

*

Tarehe 19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa mama na kiti chake. Nimefurahi kusikia mapazia yanakwenda vizuri.

Vipande vimefika vizima. Tumevipima siku nne mfululizo. Tunazima taa, tunafunga dirisha kwa kadibodi, tunakipiga kila kimoja kwa mwali uleule, kifaa kinahesabu mwanga unaotoka. Mwanga wa kipande kisichopashwa tukiuita moja, cha kwanza kimetoa moja na nusu. Cha pili mbili. Cha tatu nne. Cha sita kina ukungu, kimerudi chini ya moja. Haya yote nilitarajia.

Cha nne kimetoa kumi na tisa.

Msimamizi wangu alisimama. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Kumi na tisa. Mjomba, tulikuwa hatuhitaji kifaa, kijani kilionekana mpaka kwenye kucha zangu. Amenikumbatia. Anasema 600 ndiyo jibu la miaka mitatu, tayari ameanza kuwaandikia watu.

Halafu tukapima cha tano. Kumi na moja.

Unaona? Mwanga unapanda taratibu, unaruka, unashuka, halafu unakufa. Hauruki hivyo, kutoka nne mpaka kumi na tisa kwa digrii hamsini. Nimejaribu kukisogeza cha nne kwenye karatasi, nikakiweka baada ya cha tano, kati ya 650 na 700. Mstari ukanyooka kama uzi. Lakini siwezi kukisogeza kwa sababu mimi ninapenda mstari mzuri. Huko ndiko kupika majibu, na watu wamefukuzwa kwa hilo.

Kwenye orodha yako umeandika habari za shahidi wa kila kipande. Wa cha nne hukuandika.

Alisimama au alilala? Neno moja linatosha. Nimekupigia simu mara tatu, ukasema simu ni ya kusalimiana.

Mpwa wako

*

Tarehe 30 Aprili

Msumari,

Marahaba. Nimechelewa, kazi zilikuwa nyingi. Mama yako mzima. Mke wangu mzima. Kiti kizima. Paka amerudi.

Tangu lini mpwa anamhoji mjomba kama yuko kituo cha polisi? Nimekubeba mgongoni mimi. Nilikufundisha kuhesabu kwa vizibo vya chupa. Nimesema 600. Mtu aliyeendesha tanuri siku tisa kwa jicho, akisema 600 ni 600. Kama glasi imewaka sana shukuru, si kila siku mtu anaibiwa bahati mbaya yake.

Labda mchanganyiko wako ulikuwa na kitu. Labda moto wangu una mkono mzuri. Kuna mwaka nilipoza bilauri moja ikawa inalia yenyewe ukiipitia karibu, meneja akaiweka kabatini kwake mpaka leo.

Huku kuna maneno maneno. Kuna mtu kamwambia msimamizi wa zamu kwamba nilipita na toroli pembeni ya mlango badala ya mlangoni. Mlango wenyewe ni mwembamba.

Usiandike tena habari za waya. Waya ni waya.

Mjomba wako

*

Tarehe 8 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ya mwisho mistari yake imeteremka kutoka kushoto kwenda kulia kama maji, na maneno mawili yamepandana. Mama amenipigia. Anasema ulimimina chai pembeni ya kikombe, ukaendelea kuongea mpaka ikafika kwenye mapaja ya mke wa mjomba, ukasema meza ndiyo imeinama. Sikuulizi kuhusu chai. Nakwambia tu kwamba ninajua.

Tanuri letu limepona. Msimamizi amepata kwa mwenzake kipande cha glasi inayofanana na yangu, akakipasha 600, saa mbili. Kimetoa mwanga wa tano. Tano, mjomba, si kumi na tisa. Akaniuliza kama nina uhakika na namba zangu. Hakuniuliza kama binti yake, kama mwezi wa tatu aliponikumbatia. Aliniuliza kama mtu anayefunga mlango.

Sasa hali yangu ni hii. Tarehe 20 Juni nasimama mbele ya watu watano. Nina glasi yangu ya kipande kimoja. Nikiipasha joto la sawasawa, itawaka, na ninakuwa nimesema kweli. Nikikosea, hakuna nyingine, na wataamini nilipika. Kati ya 600 na 700 kuna nafasi kubwa. Nani atanisaidia kuchagua? Mwenye jibu ni mmoja tu.

Sikulaumu kwa kukosea. Nilikuandikia tangu Februari kwamba hakuna atakayelaumiwa kwa kukosea. Ila usiponijibu, nitawaambia wale watano kwamba cha nne sijui kilipita moto gani, na nitakitoa. Miaka mitatu itakwenda na kipande hicho.

Siwezi kukuandikia tena kabla ya tarehe hiyo. Sijui niandike nini kingine.

Mpwa wako, uliyemfundisha kuhesabu kwa vizibo

*

Tarehe 27 Mei

Msumari wangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa mke wangu, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike kila nitakachosema, asiongeze.

(Mimi ninayeandika nimekubali kuandika, sikukubali kunyamaza. Hujambo mwanangu?)

Mama yako mzima. Barua yako ilisomwa mara mbili. Mara ya kwanza nilitoka nje. Mara ya pili nilikaa.

Nitakwambia kama ilivyokuwa. Siku ya kipande cha nne nilisimama mbele ya kipimo, na mishale ilikuwa miwili. Mmoja umekaa 600, mwingine umekaa mbele yake. Miwili, Msumari, yote myeusi, yote inatikisika. Nikakodoa macho, nikafumba moja, bado miwili. Nikachagua ule wa 600, kwa sababu ndio uliotakiwa. Siku zingine tano sikuwa nasoma mimi. Alikuwa anasoma fundi umeme. Ule mtihani niliokuwa namfanyia, "hebu soma nione kama unajua," nimeuanza mwaka juzi. Mtu kafaulu mtihani kila siku kwa miaka miwili, hajawahi kujiuliza kwa nini mwalimu hasomi.

(Analia. Asiniambie nifute, sifuti.)

Silii. Ni vitambaa vya mapazia, vina vumbi.

Saa mbili zilipokwisha nikafungua tanuri, nikapapasa trei ilipopoa. Glasi ipo. Shahidi hayupo. Nikapapasa tena, nikagusa tone. Amelala kabisa, amejiviringa kama punje ya dengu. Nikajua pale pale kwamba moto ulipita 660. Nikaliweka tone kwenye kiberiti mfukoni, nikaandika 600. Ningesema kweli, ungeuliza kwa nini nilikosea, na ukishajua wewe anajua mama yako, akijua mama yako anajua kila mtu, na mtu aliyepofuka hawekwi mbele ya tanuri. Nikasema kipande kimoja katika sita, nani ataona? Kumbe hicho ndicho kilichowaka.

(Aliniambia kiberiti kile kina jino lake la utotoni. Nimeishi na jino la uongo kwenye kabati miezi mitatu.)

Nimekwenda kwa daktari wa macho Jumatatu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akauliza, "Miwani ya moto ulikuwa unavaa?" Nikamweleza habari ya kofia. Hakucheka. Akasema ndani ya jicho kuna kitu kama kioo cha lenzi, safi kabisa, na joto la tanuri miaka yote hiyo linakitia ukungu kidogo kidogo. Nikamwambia daktari, usinifundishe, hiyo naijua, mpwa wangu ndiyo kazi yake. Kakubali kunipasua la kulia tarehe 30 Juni.

Kabla ya kukuandikia nilikwenda kwa msimamizi wa zamu, nikamwekea funguo za tanuri mezani. Nikamwambia sababu. Akasema, "Mzee Kipimo, sisi tunajua tangu mwaka jana. Tulikuwa tunasubiri useme." Watu wabaya sana wale. Kanihamishia stoo ya maboksi mpaka macho yatulie.

Sasa sikiliza, hii ndiyo ya kazi. Kipimo chetu kina mistari kila digrii kumi. Nimekaa na kukumbuka ule mshale wa pili ulikuwa wapi. Haukuwa karibu na 700, maana pale pana alama nyekundu, na nyekundu bado naiona, mshale haukuigusa. Tone limelala lakini halikutambaa, limekaa palepale waya ulipokuwa umesimama. Shahidi akipitwa sana anatambaa, wa kipande cha sita alitambaa mpaka ukingoni. Wa cha nne alipitwa kidogo tu. Mimi nasema 670. Hii si hadithi ya mhandisi. Mhandisi yule alikuwepo, lakini skrubu haikuwepo, na chai alijibebea mwenyewe.

Tone nimeliweka ndani ya bahasha hii, kwenye karatasi ya kiberiti. Waonyeshe hao watano. Mimi usinitaje, au nitaje, shauri yako.

Mjomba

(670. Kalirudia usingizini pia. Mimi, mkaza mjomba wako.)

*

Tarehe 22 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo mke wa mjomba, na asante kwa mabano.

Kipande cha mwisho nilikiingiza tanurini tarehe 12, digrii 670, saa mbili. Nilisimamisha waya wa alumini pembeni. Msimamizi akauliza ni nini, nikamwambia ni shahidi. Akakaa nami saa zote mbili. Tulipofungua, waya ulikuwa tone, na halikutambaa.

Kimetoa kumi na nane na nusu.

Juzi nilisimama mbele ya watano. Wa katikati, mama mmoja mwenye sauti ndogo, akafungua ukurasa wa kipande cha nne. "Hapa joto hukuandika namba kamili. Umeandika: zaidi ya 660. Nani anaandika hivyo?" Nikaweka matone mawili mezani, lako na langu. Nikamweleza desturi ya trei. Nikamwambia kipande hiki kilipashwa na mtu ambaye siku hiyo hakuweza kusoma mshale, na kwamba kosa lake ndilo lililotupeleka kwenye joto ambalo sisi hatukupanga kulijaribu. Aliyachukua matone akayaviringisha kiganjani muda mrefu. Akauliza, "Na huyo mtu alikwambia mwenyewe?"

Nikasema, "Ndiyo. Mwenyewe."

Akasema, "Basi endelea."

Nimefaulu. Kuna masahihisho ya kurasa nne, na msimamizi wangu amewaandikia upya wale watu aliowaambia 600.

Dereva anakuletea miwani ya tanuri, mipya, ya kwako peke yako. Usitundikie kitu. Na ukifunguliwa kitambaa cha jicho, niandikie kwa mkono wako.

Mpwa wako

*

Tarehe 25 Julai

Msumari,

Marahaba. Ona herufi hizi. Sisimizi. Ukurasa mzima ungeingia kwenye postikadi, lakini leo sina maneno mengi, jambo ambalo mke wangu anataka liandikwe kwenye kalenda.

Mama yako kazeeka. Nilimwambia, kakasirika. Kiti ni cha kijani, miezi yote nilidhani cha kijivu.

Jana nilitoka stoo ya maboksi nikapita chumba cha tanuri. Nilivaa miwani yako. Nikasimama mbele ya kipimo. Mshale ni mmoja. Nilikaa nikautazama mpaka watu wakaanza kukohoa. Nikamwita fundi umeme, nikamwambia, "Hebu soma."

Akacheka. "Mtihani tena, mzee?"

Nikamwambia, "Hapana. Soma wewe kwanza, halafu nami niseme nilichoona, tuone kama tunakubaliana."

Akasoma 540. Mimi nilikuwa nimeona 540.

Mjomba wako